Ugumu Uweke Kwenye Zoezi, Usiuweke Kwenye Mtoto

Kila kocha wa vijana hapa mtaa wa Golf, Lubumbashi, amewahi kuambiwa na mzee fulani pembeni mwa uwanja kwamba watoto wa siku hizi wanadekezwa. Zamani, atasema mzee, kocha alikohoa tu na timu nzima ikakimbia, na ndiyo maana mji huu ulitoa wachezaji. Mzee hajakosea yote. Lubumbashi haikuzoea mpira wa mzaha. Klabu za Mazembe na Lupopo, zote mbili zilizoanzishwa mwaka 1939, zimelea mashabiki wanaomtambua kwa dakika chache tu mchezaji anayejituma na yule anayetembea. Mtoto anayeota kuvaa jezi ya Kunguru, yaani Mazembe, lazima adaiwe mengi. Kazi ya kocha ni kujua namna ya kumdai.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anavyosoma. Dai mengi, hata zaidi ya unavyodai sasa. Lakini ugumu uweke kwenye zoezi, kwenye kanuni za timu na kwenye ushindani wa kupata namba. Uondoe mdomoni na mkononi mwako. Kocha anayetukana na kupiga hupata utii, na utii hautoshi kucheza mpira.

Tuanze na mtu wa nyumbani. Joseph Mwepu Ilunga alikuwa beki wa Mazembe na wa timu ya taifa ya Zaire, Chui walioshinda Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwezi Machi 1974. Miezi mitatu baadaye walikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Walifungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia, huku posho walizoahidiwa hawajaziona. Mwepu alisimulia baadaye kwamba kabla ya mechi ya Brazil walifuatwa hotelini na walinzi wa rais Mobutu, wakaambiwa wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasitarajie kurudi nyumbani. Tarehe 22 Juni, Brazil wakiwa wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta akaubutua mpira mbali. Dunia ikacheka, ikadhani Mwafrika huyu hajui sheria. Alikuwa bingwa wa Afrika; sheria alizijua. Wakati mwingine alieleza kwamba alifanya makusudi kwa hasira. Iwe hasira, iwe woga, miguu ile haikuwa inacheza mpira tena. Matokeo yalikuwa 3-0, na timu iliyotawala bara zima miezi mitatu kabla iliondoka bila kufunga hata bao moja.

Utasema hakuna kocha wa Golf mwenye walinzi wa rais. Kweli. Lakini mtoto wa miaka 12 anayejua kwamba akipoteza mpira atatukanwa mbele ya wenzake yuko katika hali inayofanana na ile, kwa kipimo chake. Mtazame. Akipokea mpira, macho yanakwenda kwako kabla ya kwenda kwa mwenzake aliye huru. Pasi anayotoa ni ile isiyomletea lawama, ya nyuma au ya pembeni. Hapigi chenga. Ukimwona mtoto wa namna hiyo usikimbilie kusema hana kipaji, chunguza kwanza kama hajaogopeshwa.

Kwa nini basi makocha wengi, watu wazuri wanaowapenda watoto, wanaamini kwamba ukali unafanya kazi? Kwa sababu wanauona ukifanya kazi kwa macho yao. Hapa pana mambo mawili ambayo kila kocha anapaswa kuyajua.

La kwanza lilionekana zamani sana. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga shoti za umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwavuruga, na ile ya wastani ndiyo ilifaa. Watoto si panya, lakini kocha yeyote atalitambua jambo hili uwanjani. Ukimfokea mchezaji akimbie, atakimbia, maana kukimbia ni kazi rahisi. Ukimfokea aone nafasi kati ya mabeki wawili, hataiona. Kwa hiyo kocha mkali huona timu yake inakimbia kuliko zote, akaamini amefaulu, na anashangaa kwa nini inapoteza mpira kila inapofika eneo la hatari.

La pili alilieleza Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Alipokuwa akizungumza na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli, mmoja alimpinga: akimsifu rubani aliyefanya vizuri, safari inayofuata anaharibu, akimfokea aliyeharibu, safari inayofuata anafanya vizuri. Kahneman akatambua kosa lililojificha. Mtu akifanya vibaya mno kuliko kawaida yake, mara nyingi safari inayofuata atarudi kwenye kawaida yake hata usipomwambia neno. Timu yako ikicheza ovyo Jumamosi, ukaifokea, ikacheza afadhali Jumamosi inayofuata, usijipongeze haraka. Huenda ingecheza afadhali hata kama ungenyamaza.

Kuna pia ule ushahidi wa "mimi nilichapwa na nikawa mchezaji". Naheshimu maumivu ya anayesema hivyo. Lakini waliochapwa wakaacha mpira hawapo pembeni mwa uwanja kutoa ushahidi wao. Tunawasikiliza waliobaki tu.

Sasa kazi yenyewe.

Anza na kanuni, na ziwe chache. Mwanzoni mwa msimu kaa na wachezaji chini ya mti, uwaulize wao wenyewe timu nzuri hufanya nini. Watataja mengi, chagueni matatu au manne. Kufika kwa wakati. Kumfukuza adui mara tu tunapopoteza mpira. Kutobishana na mwamuzi. Kubeba vifaa kwa zamu. Kisha kanuni hizo zimguse kwanza mchezaji wako bora. Hapo ndipo ukali wa kweli unapopimwa, na hapo ndipo wapiga kelele wengi hushindwa. Humtukana mtoto wa akiba aliyechelewa dakika mbili, halafu mfungaji wao anayechelewa nusu saa wanamkabidhi jezi na kumpa mkono. Mfungaji akichelewa, akae benchi kipindi cha kwanza, bila hotuba wala kununiwa. Ukipoteza mechi hiyo, umenunua nidhamu ya msimu mzima kwa bei nafuu.

Kaptagat, Kenya, kwenye kambi ambako Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992, amemlea Eliud Kipchoge tangu ujana wake, wanariadha hufanya usafi kwa zamu, na Kipchoge, bingwa wa Olimpiki, naye zamu yake ilimfikia. Huo ndio ukali ninaousema. Hakuna anayepigwa wala kutukanwa, na hakuna anayeponyoka kanuni. Mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019 alitoka kwenye mazingira hayo.

Baada ya kanuni, tazama maneno yako. Watafiti wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa msimu wa 1974-75 wakimwangalia John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa UCLA aliyetwaa mataji 10 ya vyuo vya Marekani ndani ya miaka 12. Waliandika kila alichofanya mazoezini, vitendo 2,326. Sifa hazikufika asilimia 7. Lawama nazo hazikufika asilimia 7. Takriban robo tatu yalikuwa maelekezo matupu: fanya hivi, geuka hivi, pasi ile iende haraka zaidi. Wooden hakuwa mpole wa kubembeleza. Mazoezi yake yalikuwa ya kuchosha na ya kasi. Lakini mchezaji alipomsikia akisema neno, lilikuwa neno la kutumia.

Jipime vivyo hivyo. Mpe kijana mkubwa wa timu, au mzazi mmoja aliyekuja kutazama, daftari lenye safu tatu: maelekezo, sifa, lawama. Kila ukifungua mdomo, aweke alama. Baada ya mazoezi tazameni pamoja. Nimewaona makocha wakitazama daftari lile na kunyamaza, maana safu ya lawama imejaa na ile ya maelekezo ina nafasi tele. Kisha fanya kazi ya kubadilisha sentensi moja moja. Badala ya "wewe mjinga, huoni?" sema "tazama nyuma kabla mpira haujafika." Badala ya "unalala!" sema "mkabili, usimngoje." Sentensi ya maelekezo ni fupi, na mtoto anaweza kuitekeleza sekunde ile ile. Tusi haliwezi kutekelezwa. Atafanya nini nalo?

Sauti kubwa si dhambi. Uwanja ni mpana, upepo wa Julai hupeperusha vumbi na maneno, na anayeelekeza lazima asikike. Mtoto hutambua haraka kama unampigia kelele ili akusikie au kwa sababu umemchukia.

Na kuna maneno ambayo hayana nafasi hata kwa mzaha. Usimtaje mtoto kwa umaskini wa nyumbani kwao. Golf ina nyumba za ghorofa zenye mageti makubwa, na ina vijana wanaokuja kwa miguu kutoka mbali wakiwa hawajala chochote tangu bukari, yaani ugali, ya jana usiku. Wote wanavaa jezi moja. Usiguse mwili wake, unene wala wembamba. Na usimtaje kwa asili ya wazazi wake. Eneo letu lilishuhudia mwaka 1992 na 1993 majirani waliotoka Kasai wakifukuzwa makwao, na yalianza kwa maneno. Uwanja wa watoto ni mahali pa kuyafukia maneno hayo.

Sasa ugumu wa zoezi, ambao ndio kiini. Kocha anayejua kazi yake hahitaji kufoka kwa sababu zoezi lenyewe linafoka. Chora uwanja mdogo, wanne kwa wanne, kugusa mpira mara mbili tu. Mvivu ataonekana bila wewe kumtaja, maana timu yake itafungwa. Walete wakubwa wa mwaka mmoja au miwili zaidi, wachezaji wako wajifunze kufikiri haraka. Anza zoezi na matokeo yasiyo ya haki: "tumefungwa 1-0, zimebaki dakika nane." Mpe kila mchezaji kazi ya mguu wake dhaifu, umwambie wazi kwamba baada ya wiki sita utampima, na kweli umpime. Ukisahau kumpima, amejua kwamba madai yako ni maneno tu.

Mbwana Samatta alipokuja hapa Lubumbashi kutoka Simba mwaka 2011 alikuwa kijana mdogo, na mbele yake walikuwepo watu wa aina ya Trésor Mputu na Rainford Kalaba. Kupata namba katika kikosi kile ulikuwa mtihani wa kila siku. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Mazembe, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara, kisha akaenda Genk, Ubelgiji. Ushindani wa namna hiyo, ambao kila mtu anajua masharti yake, unamkomaza mchezaji pasipo kumdhalilisha.

Kwenye adhabu za mwili nitakuwa mfupi na sitalegeza. Kumpiga mtoto ni marufuku. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009, inamlinda dhidi ya ukatili, na kuwa kocha hakukupi ruhusa ya pekee. Japani, ambako kuchapa wachezaji kulionwa kwa miaka mingi kuwa malezi, nahodha wa timu ya kikapu ya shule moja mjini Osaka alijiua Desemba 2012 baada ya kupigwa na kocha wake, na nchi nzima ikalazimika kujitazama.

Kukimbizwa mizunguko kama adhabu nako naomba tuache. Kukimbia ni chakula cha mchezaji. Ukikifanya adhabu, atakichukia. Na maji usimnyime mtu kamwe. Oktoba, kabla ya mvua, joto la alasiri hapa ni kali, na kocha anayesema "maji mtakunywa mkishinda" anacheza na uhai. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa selimundu duniani, na wanaobeba nusu ya urithi huo, wanaoonekana wazima kabisa na wengi hawajawahi kupimwa, ni wengi zaidi. Mtu wa namna hiyo akisukumwa kupita kiasi kwenye joto bila maji wala mapumziko anaweza kuanguka, na wapo wanamichezo waliokufa hivyo katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo mapumziko ya maji yawe kwenye ratiba, kila robo saa ukiweza, na mchezaji akisema anaumwa mgongo au mapaja ghafla, au pumzi imekata, anakaa kivulini mara moja. Usimwambie ajikaze.

Goti la kijana wa miaka 12 au 13 nalo lina habari yake. Anapokua kwa kasi, mfupa chini ya goti huuma akiruka na kupiga mashuti. Si uvivu. Mpunguzie kuruka kwa wiki kadhaa, mfundishe pasi na kusoma mchezo.

Wasichana wanaongezeka viwanjani, na sababu iko karibu nasi: Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika nchini Morocco chini ya kocha mwanamke, Lamia Boumehdi, ambaye mwaka huo alichaguliwa na CAF kuwa kocha bora wa timu za wanawake. Ukiwafundisha wasichana, wadai kama unavyowadai wavulana. Kuwalegezea ni dharau. Lakini achana kabisa na mizani. Mary Cain, Mmarekani aliyekuwa mkimbiaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wenzake wa umri wake, alieleza mwaka 2019 jinsi kocha wake Alberto Salazar alivyomshinikiza apunguze uzito na kumwaibisha mbele ya wenzake. Alikosa hedhi kwa miaka mitatu na akavunjika mifupa mitano. Msichana anapokosa hedhi kwa miezi, mwili unalia njaa, na anayepaswa kuambiwa ni mama yake na daktari. Uwe na mwanamke mzima katika timu ambaye msichana anaweza kumweleza haya.

Jambo la hasira linahitaji nafasi yake. Mwaka 2010 Mputu, mchezaji bora wa mwaka 2009 kati ya waliocheza barani, alifungiwa na FIFA miezi 12 kwa kumshambulia mwamuzi kwenye Kombe la Kagame mjini Kigali. Desemba mwaka huo Mazembe, ikiwa na Lamine N'Diaye kama kocha, iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kucheza fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan kule Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Mputu hakuwepo. Kipaji kikubwa vile kilikosa siku kubwa kuliko zote za klabu yake kwa hasira ya dakika chache. Utulivu mbele ya mwamuzi hufundishwa, na mtoto huutazama kwako kwanza. Kocha anayeingia uwanjani kumtukana mwamuzi ameshafundisha somo la siku hiyo.

Baada ya kufungwa, sema kidogo. Wakusanye, mambo mawili waliyofanya vizuri, jambo moja la kurekebisha Jumanne, basi. Mwenye kosa kubwa mwite pembeni, akiwa peke yake, na umwulize kwanza aliona nini. Mara nyingi aliona kitu ambacho wewe hukukiona. Ndugu Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia bila ujuzi wowote wa riadha, alijifunza ukocha kwa kutazama na kuwasikiliza vijana wake. Mwanafunzi wake David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91.

Utajuaje kwamba umezidisha? Watoto wanaficha majeraha. Hakuna anayeuliza swali. Kicheko kinaanza ukiondoka. Na ukichelewa kufika siku moja, hawajaanza kupasha mwili. Hii ya mwisho naiamini kuliko zote. Timu iliyolelewa vizuri huanza kazi bila kocha, kwa sababu kazi imekuwa yao. Utajuaje kwamba umelegea? Wanachelewa, wanakucheka, na zoezi lako halijawahi kuwashinda. Kocha wa hivyo naye anawaibia watoto muda wao, na sina la kumtetea.

Kwa mzazi wa Golf: nenda ukatazame mazoezi mara moja kwa mwezi, ukae kimya. Ukimkuta kocha anayemdai mwanao hadi jasho limkauke mwilini, halafu anamweleza kosa lake na kumpa mkono, mshukuru kocha huyo na umwache afanye kazi, hata mtoto akirudi nyumbani analalamika. Ukimkuta anayempiga au kumnyima maji, mtoe mwanao siku hiyo hiyo, hata kama timu inaongoza ligi.